Mstari wa Chaki

4 Machi

Kaka mpendwa,

Salamu nyingi sana. Natumaini u mzima, na baridi ya hilo ghala lako la nyama haijakugandisha masikio. Sisi huku hatujambo, ukimtoa mmoja ambaye ndiye aliyenifanya nishike simu kukuandikia. Kibibi mwanangu amejua kusema "sitaki" na sasa hasemi kingine chochote.

Sipigi kwa sababu nyumba yetu unaijua. Ukipiga chafya chumbani, wa sebuleni anakuitikia. Baba asingekosa hata neno moja.

Majibu yametoka. Kumbe si maji ya kifua peke yake. Ni kansa ya pafu, Kaka. Nimeliandika mara moja na sitaki kulirudia.

Daktari wa mapafu ni mama mmoja mfupi, mkavu, hacheki ovyo, lakini anaeleza mpaka uelewe. Alinichorea mapafu yote mawili nyuma ya bahasha. La kulia lina uvimbe, na ugonjwa umeshatoka hapo ukaingia kwenye utando unaolifunika pafu. Ndiyo maana wakimtoa maji leo, baada ya muda yanajaa tena. Makohozi yalipimwa kifua kikuu, hakuna kitu. Kile kinyama, kipande kidogo cha pafu walichokitoa kwa sindano, ndicho kilichosema. Nikauliza habari ya kupasua, akatikisa kichwa: ukikata pafu, huo utando unabaki na ugonjwa wake, utakuwa umemtesa mzee wa watu bure.

Ila si kwamba hakuna la kufanya. Kuna dripu za dawa kali. Kuna mionzi, mahali pakianza kuuma. Na kuna vidonge ambavyo si vya kila mtu: inabidi kile kinyama kipimwe tena, kwa kipimo kingine, waone kama ndani ya seli kuna badiliko wanalolitafuta. Likiwepo, mtu anameza nyumbani kwake, anaweza kupata muda, tena muda wa kutembea na kula na kugombana na watu. Haviponyi, lakini vinasogeza. Anasema wasiovuta sigara ndio hukutwa nalo zaidi.

Baba hajawahi kuvuta hata moja, wewe unajua alivyokuwa akiwafukuza gereji wenye sigara. Daktari aliniuliza kazi yake. Nikamwambia fundi breki, tangu ujana, na vumbi la breki akilipuliza kwa upepo wa mashine, linamrudia usoni, anajifuta na shati, anaendelea. Akaandika. Akasema hawezi kuapa kwamba ni lile vumbi, lakini la breki za zamani lilikuwa baya.

Baba alikuwa nje kwenye benchi, amesinzia. Daktari alitaka aitwe aambiwe. Nikamwomba anipe siku chache nimwandae. Nilipotoka Baba akafumbua macho: "Wamesemaje?" Nikasema mashine imeharibika, majibu bado.

Wewe ndiye mkubwa wetu. Nimwambieje?

Mdogo wako.


7 Machi

Mdogo wangu,

Salamu kwako na kwa Kibibi na kwa mzee. Afya yangu ni njema, ila tangu nilisome hilo neno lako nimekuwa nabeba mapande ya nyama kama mtu aliyelala. Msimamizi kaniuliza nimekunywa nini.

Sasa nisikilize vizuri. Usimwambie.

Umemsahau Mama? Daktari alimwambia wazi, mbele yetu, na kijana yule akajiona kafanya kazi nzuri. Mama akageukia ukutani. Hakula tena, hakusema tena. Kilichomuua Mama si ugonjwa, ni ile habari. Sitaki Baba naye ageukie ukutani.

Mwambie ni kifua kikuu. Kinapona, kila mtu anajua kinapona, na kukohoa ni kule kule. Nunua vitamini, zitoe kwenye kopo lake, mpe asubuhi na jioni, mwambie ndiyo dozi. Atajipa moyo, atakula, atapata nguvu. Mwezi wa sita nakuja. Nitakaa naye, mimi na yeye, nitamwambia kiume, na hizo dripu ataanza nikiwa nimemshika mkono.

Najua una mdomo mpana na moyo mwembamba. Safari hii jikaze kisabuni. Sikuombi, nakwambia kama kaka yako.

Kaka yako.


19 Machi

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Habari za kazi? Sisi tupo.

Nimefanya ulivyosema. Nilimwambia jioni, akiwa anapasha mafuta ya kujichua magoti. "Baba, ni TB." Nilitegemea ashushe pumzi. Hakushusha. Aliuliza kitu kimoja tu: "Kibibi amekohoa?"

Nikasema hapana. Akasema, "Tangu lini hajakohoa? Una uhakika?" Kisha akainuka, akachukua blanketi lake, kikombe chake, sahani yake na redio, akahamia kile chumba cha nyuma tulichokuwa tunaweka vyuma vyake. Nilimfuata nikimwambia si lazima. Akanigeukia kwa macho ambayo sijayaona tangu tulipokuwa watoto. Halafu akatoa ile chaki ya njano ya kuandikia matairi, akainama akikohoa, akapiga mstari sakafuni, kutoka ukuta mpaka ukuta, mbele ya mlango wake. Akamwita Kibibi. Akamwambia, "Mwisho wako hapa. Babu mgonjwa." Akamnyooshea kidole. Kibibi akafikiri ni mchezo, akarukia ndani. Kaka, Baba alimfokea! Baba ambaye mtoto huyu alikuwa akimng'oa ndevu na yeye anacheka. Kibibi alilia mpaka akatapika.

Vitamini anameza kwa saa yake, hakosei. Ananishukuru.

Yule daktari nimemwona. Kanikazia macho, kasema: "Mimi sitamtafuta nimwambie. Lakini siku akiniuliza, simdanganyi. Na simtundikii dripu mtu asiyejua ya nini, wala sikipeleki kinyama chake kwenye kipimo bila ridhaa yake. Kwa hiyo mnasubiri nyinyi. Ugonjwa hausubiri." Nilitamani sakafu inimeze.

Mwezi wa sita ni mbali, Kaka.

Mdogo wako.


2 Aprili

Mdogo wangu,

Habari za siku? Natumaini mnaendelea salama. Mimi naendelea, meno tu yananisumbua.

Naona unajitia presha bila sababu. Mwambie Baba kwamba mtu wa TB akishakunywa dawa wiki kadhaa hawezi tena kuambukiza. Hilo hata si uongo, waulize hospitali. Atarudi chumbani kwake, atambeba mjukuu wake, mambo yatakwisha.

Nimesoma sana mtandaoni. Kuna mahali wanakata pafu lote la upande mmoja na mtu anaishi. Muulize huyo daktari wako mkavu kama amewahi kusikia. Vilevile rafiki yangu hapa ana mjomba aliyekunywa unga wa mizizi fulani, picha ikapigwa tena, pafu safi. Nimekutumia pakiti mbili kwa mtu anayekuja huko. Kijiko kimoja kwenye uji.

Mwambie mzee fundi asinifie na deni la hadithi, bado hajanimalizia ile ya lori lililoshuka mlima halina breki na dereva anaimba.

Kaka yako.


28 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Sisi tupo, kama hivi ndivyo kuwepo.

Nilimwambia hilo la wiki kadhaa. Unajua alinijibu nini? "Mbona bado nakohoa? Dawa ingekuwa imeshika, ningekuwa nakohoa? Breki ikiwa bado inalia huwezi kumwambia mwenye gari imepona." Anakohoa kwa sababu anameza vitamini!

Na sasa nikuulize wewe mwenye kumbukumbu nzuri ya kifo cha Mama. Umesahau kilichomuua shangazi yetu, yule tusiyemjua? Si Baba alitusimulia mpaka tukachoka? Bibi aliugua TB, na shangazi, mtoto wa umri huu huu wa Kibibi, aliachwa alale naye kitanda kimoja kwa sababu kila mtu aliona haya kumtenga mama na mwanawe. Baba ndiye aliyembeba mgongoni kumpeleka zahanati, na alipofika akaambiwa mshushe, huyu amekwisha kufa. Magonjwa yote ya dunia, Kaka, wewe ukaenda kumchagulia hilo. Na mimi mjinga nikalibeba nikampelekea.

Sasa wanacheza hivi: Baba anakaa kwenye kigoda chake kule ndani, Kibibi anakaa sakafuni huku nje, mstari katikati. Baba anabiringisha beringi ya zamani, ile pete kubwa ya chuma ya gurudumu la lori, inavuka mstari inamfikia mtoto. Kibibi anairudisha. Kila ikirudi Baba anaifuta kwa spiriti kabla ya kuituma tena. Mtoto amezoea. Hata mpira ukiingia kule hafuati, anasimama kwenye chaki na kunyoosha kidole: "Babu gonjwa." Majirani wanamsifu ana adabu. Mimi naingia jikoni nalia.

Walimtoa maji tena. Amepungua, suruali inafungwa kwa kamba. Bega linamuuma na sasa mgongo pia. Nimemuuliza daktari habari yako ya kukata pafu. Kasema ndiyo, wanakata, kwa mtu ambaye ugonjwa umewahiwa ukiwa bado umekaa mahali pamoja. Wa Baba umeshatembea. Kasema tena: kile kinyama kipo, kimehifadhiwa, kinasubiri ridhaa ya mwenyewe. Kila wiki inayopita mwili unakosa nguvu ya kuvumilia dripu. Hayo ndiyo maneno yake, sijaongeza chumvi.

Unga wako wa mizizi nimeumwaga chooni.

Nataka kumwambia. Nipe ruhusa. Au usinipe, lakini angalau sema umesikia.

Mdogo wako.


3 Mei

Mdogo wangu,

Nimesikia. Na jibu ni hapana.

Nitakwambia kitu na usikisambaze. Mwezi wa sita siji. Karatasi zangu hazijakaa sawa. Nikitoka hapa, mlango unafungwa nyuma yangu, na huku nimeacha mke na tumbo la miezi sita ambalo sikuwahi kuwatajia. Nimezunguka ofisi zao mpaka mlinzi ananiita kwa jina la utani. Labda mwisho wa mwaka.

Sasa fikiria. Akijua, atauliza: mwanangu wa kwanza yuko wapi? Utamjibu nini? Akiwa na TB yake, mimi ni mtoto niliye kazini na mzee anaugua kidogo, basi. Akiwa na hilo lingine, mimi ni mtoto aliyemwacha baba yake afe. Usinifanyie hivyo. Niache niendelee kuwa na baba anayepona, hata kama ni kwenye barua tu.

Ukimwambia, usiniite kaka tena. Nimesema.

Kaka yako.


30 Mei

Mdogo wangu,

Vipi hali? Mbona kimya hivi? Nimepiga, simu ya Baba haipokelewi. Yako inaita mpaka inakata. Kama ni hasira, sawa, nina mabega, nitabeba. Nilisema vibaya mara ya mwisho. Andika hata mstari mmoja. Bega lake likoje? Anakula?

Nimepata mtoto wa kike, kabla ya siku zake, mdogo kama mkate. Anapumua kwa mashine lakini wanasema atakaza. Nilitaka Baba amchagulie jina.

Kaka yako.


21 Juni

Kwako,

Hujambo? Na mtoto wako hajambo? Namwombea akue, yeye hana kosa. Kibibi mzima. Mimi mzima wa mwili.

Baba tumemzika juzi. Najua shemeji yetu fundi seremala alishakutumia ujumbe, kwa hiyo sikupi habari mpya. Nakuandikia yale ambayo yeye hayajui.

Kwanza ujue kwamba sikumwambia. Nilikutii mpaka mwisho, na hilo ndilo nitakaloenda nalo kaburini. Aliuliza mwenyewe. Mwezi wa tano ulipokuwa unaisha mgongo ulimkamata akashindwa kusimama, nikampeleka hospitali kwa teksi, amelala kiti cha nyuma. Yule daktari alipokuja Baba akamshika koti. Akasema, "Mama, nimekunywa dozi sijaruka hata siku moja na naendelea kushuka. Gari gani hili? Niambie kitu kilichoharibika." Daktari akaniangalia. Mimi nikaangalia chini. Akavuta kiti akakaa, akamwambia. Polepole, kila kitu, akamchorea na yeye.

Baba alisikiliza kama anavyosikiliza injini, kichwa kimelala upande. Sikuona akigeukia ukutani. Ulidanganyika, na mimi pia. Alipomaliza kusikiliza akauliza: "Hii inaambukiza?"

"Haiambukizi."

"Hata kidogo? Hata mtoto mdogo, akilala kifuani?"

"Hata kidogo, Baba. Haijawahi kuambukiza."

Nikangoja anitukane. Ningefurahi angenitukana. Aliangalia mikono yake tu, akawa anaigeuzageuza.

Halafu akaanza kuuliza maswali ya maana kuliko niliyouliza mimi miezi yote. Dawa ipi inatengeneza na ipi inapunguza kelele tu? Daktari akasema hakuna inayotengeneza kabisa. Dripu kwa mwili ule ingemwangusha kabla ya ugonjwa. Mionzi ingemtuliza mgongo. Dawa ya maumivu asiiogope, ameze kabla hayajapanda. Na kile kinyama kipelekwe kupimwa, majibu yatachukua wiki kadhaa. Kama badiliko lipo, vidonge bado vinaweza kumwinua hata sasa. "Na kama ningesema ndiyo mwezi wa tatu?" Daktari akamwambia majibu yangekuwa yameshatoka zamani. Baba akasema, "Leta nitie sahihi." Alitia sahihi kila mahali. Alitaka kuishi. Sisi tulimwona dhaifu wa moyo, mimi na wewe, na mzee wa watu alitaka kuishi.

Mionzi ilimsaidia. Aliweza kukaa. Tuliporudi nyumbani hakwenda kitandani. Aliomba kitambaa chenye maji, akapiga magoti, yeye na ule mgongo, akaufuta ule mstari. Nilitaka kumsaidia akanisukuma mkono. Alifuta mpaka sakafu ikawa safi kuliko pengine pote. Akakaa kwenye kigoda chake, akafungua mikono, akaita, "Kibibi, njoo kwa Babu. Babu amepona."

Kibibi alikuja mbio. Alipofika pale palipokuwa na chaki, akasimama.

Akaita tena. Akamwimbia. Akamwonyesha beringi, akaiweka mapajani ili aje aichukue. Mtoto akanyoosha kidole: "Babu gonjwa." Nikambeba ili nimvushe kwa nguvu, akapiga yowe kama naingiza moto mwilini mwake. Baba akasema, "Mwache. Usimlazimishe. Nilimfundisha mwenyewe, na amejifunza vizuri."

Tulijaribu kila siku. Siku moja aliingiza mguu, akautoa. Ndiyo hivyo tu. Baba alikuwa anaibiringisha ile beringi, lakini alikuwa haifuti tena kwa spiriti. Aliniambia, "Kumbe ningeweza kuwa namshika." Alisema hivyo akiwa anaangalia mlangoni, sidhani kama alikuwa ananiambia mimi. Alifariki asubuhi, nikiwa nampashia maji ya kunawa uso. Hakuwa na maumivu. Nilimhesabia hiyo kuwa riziki.

Kuhusu wewe alisema neno moja. Nilimwambia ni wazo lako, sikukuficha, nilikuwa na hasira. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema, "Usimgombeze. Alinichagulia ugonjwa unaopona." Nimekuandikia kama alivyosema. Yeye alikusamehe. Mimi sijafika huko, na sijui kama nina nauli ya kufika.

Jana Kibibi alikaa pale mlangoni akaibiringisha beringi kwenye chumba kitupu. Iligonga ukuta. Akakaa anangoja irudi. Niliingia nikamrudishia, akanikatalia: "Si wewe."

La mwisho. Yule daktari alinipigia leo asubuhi, hakuwa amepata habari ya msiba. Alitupa pole, kisha akasema kile kipimo kimerudi, badiliko lilikuwepo au halikuwepo, jibu lipo kwenye karatasi mbele yake, ninataka kujua? Nikamwambia mimi sitaki. Nikamwambia mwenye kuamua alikuwa ni kaka, mtoto wa kwanza, aambiwe yeye. Nimempa namba yako. Nimemwomba asikufiche wala asikupunguzie, na amesema yeye hadanganyi.

Simu ikiita, pokea.

Mama Kibibi.